Salima, Ile Kamio Ilikuwa Inakunywa Upepo

Salima, mke mwenzangu,

Aliyekufundisha kunyamaza alikufundisha vibaya. Mtu akikanyagwa mguu analia, hata mbuzi analia. Wewe nilikukanyaga mbele ya wanawake wote wa mtaa, ukanyamaza. Ulimaliza eda yako, ukakunja mkeka, ukaenda Lubutu kwa ndugu zako, na mpaka leo hujafungua kinywa. Ni adabu gani hiyo? Umeniacha mimi na maneno yangu ndani ya nyumba, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani anayelia na mama yake haonekani. Nimechoka kuyabembeleza. Leo nimechukua kalamu.

Usicheke mwandiko. Unajua nilitolewa shule darasa la pili, na herufi zangu zinatembea kama kuku penye matope. Mwanangu Asumani alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Maneno haya hayapiti mkono wa mtoto. Lakini nimemwamuru ayasome kwa sauti hapa barazani siku ya Ijumaa, kabla ya kukuletea, mbele ya wale wanawake waliobaki hai. Nilikutukana mbele za watu, na kidonda cha barazani hakioshwi chumbani.

Habari yenyewe ni ya kamio. Ndiyo, lori ile ile ya mume wetu. Bado iko, ya buluu, ila buluu yenyewe sasa ni ya kukisia. Bodi ya mbao imebadilishwa mara mbili. Moteri ni ile ile.

Wakati mwingine nakaa nikikumbuka safari za Kibombo, tukienda kupakia mchele. Mimi nilikaa mbele pamoja na Mzee, mume wetu, kwa sababu mimi ni mkubwa. Wewe ulipanda nyuma juu ya magunia, ukishika kamba, na tulipofika nyusi zako zilikuwa nyekundu kwa vumbi kama mtu aliyepakwa dawa. Mimi nilishuka na leso safi. Nilifurahi, Salima. Nasema kweli, nilifurahi kila safari.

Na kila safari ulipiga paa la kabini kwa ngumi. «Mzee! Mzee, simamisha! Mguu wa nyuma, wa kushoto, unalia!» Mzee anasimamisha, anatambaa chini, anarudi na mkono mweusi anasema kweli, nati mbili zimelegea. Mimi nasema, bahati tu, amebahatisha. Mara ya pili, bahati. Mara ya tano hata mimi nilijua si bahati, lakini mdomo wangu uliendelea kusema bahati, kwa sababu ulishazoea.

Wewe ni binti wa fundi wa reli. Ulikulia pale karibu na gereji ya treni, baba yako akikulaza kwenye sanduku la spana kwa kukosa mtu wa kukulea. Wengine walilala na nyimbo, wewe ulilala na vyuma. Nilikuwa nakucheka kwa hilo. Nilikuwa nawaambia wanawake: mwenzangu huyu hajui kukaanga ndizi, lakini mpe chuma ataongea nacho. Nilisema kwa dharau. Leo nasema maneno yale yale, na dharau imetoka, yamebaki maneno tu, na ni ya kweli.

Kwa sababu mafundi nimewaona sasa, wengi. Fundi wa siku hizi anafika, anafungua, anatoa, anatandaza vyuma juu ya gunia kama mama anayeuza samaki, halafu ndipo anauliza, «Mama, gari ilikuwa na nini?» Wewe uliuliza kwanza. Jana ilizimwa wapi? Nani aliizima? Ililala kichwa juu au kichwa chini? Asubuhi ilikataa mara ngapi, na mchana ikipumzika kidogo inakataa pia? Mzee alikuwa anachoka: «Salima, we ni fundi ao ni kadhi?» Nawe unajibu, «Mgonjwa hana mudomo, Mzee. Nikose kuuliza wenye kuishi naye?» Halafu unanusa. Halafu unaweka kiganja juu ya tiyo, ule mpira wa kupitisha mazutu, mafuta ya dizeli, umefunga macho. Spana ilikuwa ya mwisho. Mara nyingi haikuhitajika hata kidogo.

Kisha vita vikaja, na Mzee akavuka mto.

Wanaume walikuwa wanachukuliwa kubebeshwa mizigo, hawarudi. Akamchukua Asumani, wakavuka Lualaba kwa mtumbwi wakaingia msitu wa upande wa pili. Sisi wanawake wawili tukabaki na nyumba, na ile kamio nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba. Alituambia, «Kamio ile ni chakula cha watoto wa watoto wangu.» Akaangalia mimi aliposema. Mimi ndiye mkubwa. Na mimi sikujua hata kifuniko cha maji kiko wapi.

Nilisema tutoe magurudumu, tuyazike. Ulinitazama kwa huruma, ile huruma yako iliyokuwa inaniudhi kuliko tusi, ukaniita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yako.

«Yaya, wakikuta haina magurudumu, watauliza magurudumu iko wapi, na watatupiga mpaka tuseme. Gari isiyowaka kabisa, muntu anaitafutia fundi. Gari inayowaka halafu inakufa njiani, ile njo muntu anaiogopa.»

Ulikuwa na robine ya shaba, ile ya kufungulia mafuta ya taa kwenye pipa la baba yako. Ulikata tiyo ya mazutu chini ya kiti cha shoferi, ukaweka robine katikati, ukafunika na bati, juu ya bati mkeka, juu ya mkeka kiti. Ukifunga robine, mazutu haitoki tena kwenye tangi. Moteri inakunywa ile iliyobaki mbele, inatembea kidogo, inazimika. Ulinieleza mara tatu. Mara ya tatu nilielewa, nikajifanya nilielewa tangu ya kwanza.

Kitu kimoja kilikosekana, kipete cha kuziba shingo ya robine ili upepo usiingie. Uliangalia miguu yangu.

«Yaya, nipe ndara moja.»

«Na ya kwako iko wapi?»

«Yangu ni mpira. Mazutu inakula mpira. Yako ni ngozi.»

Zilikuwa ndara za Idi! Mzee alinitolea Kisangani. Nilikupa moja huku nakulaani wewe na ukoo wako wote wa reli. Ulikata kipete cha ngozi kwa wembe, kidogo kama sarafu, ukakichovya kwenye mawese, ukakibana. Ndara iliyobaki ukanirudishia ikiwa na tundu kisiginoni. Ukasema, «Pole, Yaya. Bado inaweza kuvaliwa penye giza.» Nilitaka kukupiga. Nikacheka. Hukumbuki? Tulicheka mpaka tukashika ukuta, na nje mizinga inalia.

Walikuja siku ya tatu, askari watatu, mkubwa wao na kofia ya sufu kichwani juani mchana.

«Hii kamio ni ya nani?»

«Ya mzee, shefu. Mzee haiko.»

«Ufunguo?»

Ukampa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sahani ya wali. Akapanda, akazungusha, na kamio, mbwa huyu, ikaamka mara moja kwa furaha. Wakapiga kelele. Wakatoka uani, wakapita msikiti, na kabla ya kufika penye njia ya reli tukasikia ikikohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Wakaja kukuvuta mkono. Nilifuata nyuma, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikutaka kubaki na woga peke yangu.

«Nani anajua moteri hapa?»

«Njo mimi, shefu,» ukasema. «Nilitaka kukuambia, hukunipa nafasi. Hii gari iko na homa. Inaamka, inatembea kidogo, inalala.»

Ukafungua boneti. Ee Salima! Ulitoa kile kijiti cha oili, ukakinusa, ukatikisa kichwa kama mkunga aliyechelewa kuitwa. Ukaweka sikio juu ya chuma. Ukashusha pumzi ndefu. «Pompe imekufa. Ya mupya iko Kisangani tu.»

«Utaitengeneza leo!»

«Nitengeneze maiti, shefu? Mimi ni fundi. Mufufuaji ni Mungu.»

Mmoja wao alicheka. Yule wa kofia hakucheka, akakupiga begani kwa kitako cha bunduki, ukaanguka juu ya gurudumu. Nilikuwa naangalia mdomo wako. Neno moja tu, robine, na wangekuacha. Ulisema, «Mutaisukuma mpaka wapi, shefu, hii jua yote?» Wakaitazama, wakalitazama jua, wakaenda zao. Usiku wanawake wa mtaa walitusaidia kuisukuma mpaka uani, nawe ukafungua robine mazutu ipite, ukaifunga tena. Walirudi mara mbili wiki zilizofuata, wengine na wengine, na kila mara ilikuwa vile vile. Mwishowe waliambiana wenyewe: ile ya buluu acheni, ni mgonjwa.

Bega lako liliteguka vibaya. Nilikukanda kwa maji ya moto siku nyingi, na sikukuambia asante hata mara moja. Nilikuambia, «Kaa sawa, unanimwagia maji.»

Sasa nafika penye mfupa.

Bunduki zilipopoa, kabla Mzee hajarudi, ulipata habari kwamba baba yako amelala mgonjwa kule Lubutu. Ukajiunga na watu wa baiskeli. Asubuhi ile ulinyanyua kiti, ukafungua robine, ukarudisha kila kitu, ukaniita pembeni.

«Yaya, Mzee akirudi, mwambie atoe ile robine, aweke tiyo nzima. Ile ngozi itakauka. Ikikauka itaanza kunywa upepo, na kamio itasumbua asubuhi. Usisahau.»

«Nimesikia,» nikasema.

Na nilisikia, Salima. Masikio yangu hayana kosa.

Mzee alirudi amekonda kama ufagio. Akaenda nyuma ya nyumba, akatoa majani, akapanda, akawasha. Ikaamka. Alishuka analia, mwanaume mzima, akanikumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. «Mke wangu! Umeiokoa kamio! Watu waone mwanamke!» Na watu wakaja kuniona. Wakaleta mihogo, wakaleta kuku. Kila mmoja anataka kusikia nilifanyaje. Nilisema, Mungu ni mkubwa. Maneno hayo hayakosei kamwe, yanafunika kila kitu.

Ningetaja robine, wangeuliza nani aliiweka. Nikameza sifa yote, kama mtu anayemeza samaki pamoja na miiba. Nilijiambia, nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki. Halafu ikawa vibaya kusema, kwa sababu ataniuliza kwa nini sikusema jana. Na zaidi ya hayo, tuseme yote: mimi bibi mkubwa, nipeleke kwa mume wangu agizo la bibi mdogo? Kama tarishi? Bora gari ikauke.

Ikakauka. Baba yako hakupona haraka wala hakufa haraka, barabara ilikuwa mbaya, ukakaa huko. Kiangazi cha kwanza kamio ilianza uvivu. Kiangazi cha pili ilikuwa inakataa kila asubuhi, mpaka Mzee apampu kwa mkono ile pompe ndogo ya ubavuni, mara ishirini, thelathini, ndipo iamke na moshi mweupe. Alibadilisha filta. Alibadilisha batri. Mimi nilikuwa namwona kutoka jikoni. Sufuria mkononi, na kinywa kimefungwa.

Halafu tumbo lake. Unajua habari, lakini hujui kutoka kwangu. Asubuhi ile shoferi wetu alizungusha moteri mpaka batri ikachoka, ikakataa kabisa. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, mmoja anasukuma, mmoja anamshika mgongo. Alikaa siku tatu, akafariki. Daktari alituambia wazi: ugonjwa ule ulikuwa wa siku nyingi, ini lilikwisha oza, hata mngemleta kwa ndege. Alinieleza mimi, uso kwa uso, na nilielewa.

Nawe ulipofika kutoka Lubutu, na vumbi lako, na kilio chako, nilisimama katikati ya matanga nikasema, «Gari uliyoitia mikono yako njo iliua mume wetu.» Daktari nilishamsikia. Robine niliijua. Agizo lilikuwa kwangu. Nilisema hivyo hivyo.

Ulinitazama. Niliona umeelewa. Kwa mtazamo ule mmoja ulijua kwamba sikumwambia, na ulijua kwa nini. Nilingoja ufungue kinywa uniue. Ukakaa chini, ukajifunika kanga, ukamlilia mume wako.

Tukakaa eda, wajane wawili chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Mkeka wako ukuta ule, wangu ukuta huu. Hatutoki. Na nje, kila asubuhi baada ya alfajiri, shoferi anakuja kupigana na kamio. Wewe unakaa umeegemea ukuta, macho yamefungwa, na kidole chako kinahesabu juu ya goti. Nilijua unafanya nini. Ulikuwa unaipima kwa kupitia ukuta wa matofali.

Siku moja ukasema, polepole, «Yaya, sikia. Demareri, ile ya kuamsha moteri, iko mzima, inazunguka na nguvu. Batri iko sawa. Lakini hakuna harufu. Mazutu ingekuwa inafika ndani, moshi ungetuingilia kwa dirisha hata kabla haijawaka. Haina kitu cha kuchoma. Sasa anapampu. Unasikia? Sasa itaamka.» Ikaamka. «Na jana mchana aliizima akaiwasha palepale, haikusumbua. Inasumbua ikilala tu. Mazutu inarudi nyuma kwa tangi, Yaya. Iko inakunywa upepo.»

Nikakugeuzia mgongo. «Nyamaza. Uko ndani ya eda.»

Ukanyamaza. Ungeweza kumwita Asumani mlangoni, ni mtoto wako pia, ukamwambia nyanyua kiti cha shoferi. Kazi ya nusu saa. Lakini Asumani angeuliza, mama yangu alijua? Kwa hiyo ukachagua kamio iendelee kuumwa, mimi niendelee kuheshimiwa na mwanangu. Siku hizo zote nilidhani unanyamaza kwa kushindwa. Ilinichukua uzee wote huu kuelewa kwamba ulikuwa unanisitiri. Chumba kile kilikuwa na mwanamke mkubwa mmoja, na si mimi.

Miaka ikaenda. Shoferi walijifunza kuilaza kwenye mteremko, kichwa chini tangi juu, wakadhani ni kwa ajili ya kuisukuma. Asumani akawa mtu mzima, akashika usukani mwenyewe. Mwaka huu mkono wake umechoka kupampu. Mafundi walikuja: mmoja alibadilisha demareri, mwingine akasema ni injekteri, wa tatu akasema pompe kubwa ishushwe ipelekwe Kisangani. Wote walianza mbele, penye moteri, kwa sababu hapo ndipo wanapojua. Chini ya gari hakuna tone. Robine iko juu kuliko tangi, haivuji nje, inavuta ndani tu. Nani angeiona?

Basi Asumani akaja jikoni, hakukaa. «Mama, nimeongea na watu wa vyuma. Watakuja Jumatano na nyundo, wataikata palepale uani. Imekwisha.»

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaendelea kutwanga. Chakula cha watoto wa watoto wangu, alisema Mzee. Na bega lako. Nikaona kuna njia mbili tu: wakate kamio pamoja na siri yangu ndani yake, ipotee milele, nife ninaheshimiwa, au niweke mchi chini.

Nikauweka.

Lakini sikusema robine mara moja. Nilishawahi kushitaki bila kuona, na sikutaka kurudia, hata kama ni shaba inayoshitakiwa. Nilifanya kama wewe. Nikamuuliza Asumani: ikilala kichwa chini, inasumbua? Akafikiri. «Hapana, Mama. Ajabu, haisumbui.» Ukiizima ukaiwasha palepale? «Haisumbui.» Inazunguka na nguvu? «Na nguvu.» Moshi kabla hujapampu? «Hakuna.» Alianza kuniangalia kama mtu anayeona kuku anasoma.

Nikamtuma kwa muuguzi jirani akaombe tiyo ya serum, ya dripu ya wagonjwa, ile nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani. Baba yako alikufundisha hiyo na ulinionyesha wakati wa vita: mpira mweusi unaficha, wa serum hausemi uongo. Nikamwambia aifunge mbele kabisa, penye pompe ndogo, azungushe. Niliinama na magoti yangu haya. Salima, mapovu! Yalipita ndani kama chai inayochemka. Nikamwambia aihamishe nyuma, karibu na tangi. Akazungusha. Mazutu tupu, safi, bila povu hata moja.

«Kwa hiyo upepo unaingilia kati ya hapa na hapa,» nikasema. «Kati ya hapa na hapa kuna nini?»

«Hakuna kitu, Mama. Tiyo tu.»

«Nyanyua kiti.»

Akanyanyua. Nyanyua mkeka. Nyanyua bati. Na pale pale ilikuwa imekaa, robine yako ya shaba, imegeuka kijani. Asumani akaigusa kwa kidole, akanigeukia.

«Mama. Ulijua?»

Nikamwambia yote, nimekaa juu ya ngazi ya kamio, mbele ya fundi wa tatu aliyekuwa amekuja kudai spana yake. Nikasema nani aliweka, nani aliniagiza, nani alikaa kimya na nani alipigwa bega. Asumani hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, «Mama mdogo alisikia hiyo yote kupitia ukuta?» Na fundi wa tatu, kijana mwenye majivuno, akavua kofia. Akauliza, «Huyo mama anaishi wapi?»

Tumeweka tiyo nzima. Kamio ililala uani penye sawa, si mteremkoni. Asubuhi nilikataza mtu asipampu. Asumani akazungusha. Haikukohoa. Iliamka kama siku ile ya mtu wa kofia ya sufu, kwa furaha ya kijinga, na mimi nikakaa chini penye udongo nikalia, majirani wakadhani kuna msiba. Watu wa vyuma wamefukuzwa, tena si kwa maneno mazuri.

Ndani ya barua hii nimefunga kile kipete cha ngozi. Kiangalie. Kimekauka kama ukucha, kina ufa unaoingiza unywele. Ndio ufa uliotusumbua miaka yote, na mwenye ufa ni mimi. Ndara yenye tundu bado ninayo. Sijui kwa nini sikuitupa.

Naona haya, Salima. Neno hili sijawahi kuliandika, nimemuuliza Asumani linaandikwaje, akaona haya yeye. Sisi tuliobaki na jina la mume mmoja tumebaki wawili tu duniani. Nyumba ina vyumba vinne na mwanamke mzee mmoja. Ule ukuta wako hakuna mtu anayeuegemea.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwa barua.

Asumani atafika kwako na kamio. Mpe chakula, alale. Kamio nayo ilale penye sawa, usikubali aiweke mteremkoni, ni mjanja huyo. Asubuhi wewe kaa ndani, funga mlango, egemea ukuta, fumba macho, kama siku zile. Mwambie awashe bila kupampu. Sikiliza. Ikikohoa hata mara moja, mrudishe na unitukane, ni haki yako, na tusi liwe refu. Ikiamka mara moja, kunja mkeka wako, waage ndugu zako, utoke.

Na usinizoee, usiende nyuma juu ya magunia kama ulivyozoea. Kiti cha mbele nimekifuta vumbi kwa leso yangu mwenyewe. Panda mbele.

Mimi yaya wako, mke mwenzako, niliyebaki hapa mjini
Kindu